Daktari Afumbaye Macho

Daktari wa mapafu hukipasha joto kiganjani kipimo chake cha kusikilizia, ndipo akiweke mgongoni mwa mgonjwa na kufumba macho, kama anayesikiliza mvua inayonyesha mbali. Siku ile alimsikiliza baba yangu, mchonga mawe, kwa kitambo kirefu, mwanga mweupe wa dirishani ukimtiririkia mikononi.

“Picha na masikio yangu vinasema jambo moja, mzee wangu. Mapafu yameota makovu. Hayafutiki, dawa itayachelewesha tu kuenea.”

“Mjukuu wangu nitamwona?” Baba aliuliza, akinitazama tumbo.

Daktari mwingine angesema tumwachie Mungu. Yeye alivuta kiti, akamshika mkono. “Kumwona, natumaini utamwona. Kumbeba ukitembea naye, sidhani.”

Baba akavuta pumzi fupi, akatabasamu. “Basi nitampakata nimekaa.”