Chapchap na Kichwa cha Binti Yake

Jina la Chapchap alipewa na wateja wake, na hawakumpa bure. Alikuwa anasuka mistari macho yakiwa dirishani, anamsengenya anayepita, anamjibu aliyeketi, na vidole vinajiendea vyenyewe. Hakuwa anatazama kichwa, alikuwa anakipapasa. "Wengine wanasuka wamekodoa macho kama wanaotoa miba," alikuwa akisema, tena kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Wasusi wenzake walimnunia, lakini mabinti zao waliwaleta kwake.

Kisha vidole vikafa ganzi.

Mwanzoni alidhani ameulalia mkono. Halafu jicho moja likaingia ukungu, mguu wa kushoto ukaanza kuburuta kandambili, na uchovu ukawa unamwangukia mchana kweupe. Huo haukuwa uchovu wa kazi aliouzoea. Ilikuwa kama kubebeshwa gunia ukiwa umelala. Watu walisema mengi, mengine ya kijinga kabisa. Baada ya kuhangaika hospitali hii na ile, daktari mmoja alimweleza taratibu kwamba kinga ya mwili wake imegeuka, inaukwangua utando unaofunika mishipa ya fahamu, kwa hiyo habari kutoka kwenye ubongo zinafika nusunusu au hazifiki. Ugonjwa huo hauambukizi. Dawa ya kuumaliza haijapatikana, ila zipo za kuupunguza kasi, na ipo namna ya kuishi nao.

Mumewe alikuwa fundi umeme, na maelezo yale aliyaelewa kuliko alivyotaka. Njiani wakirudi nyumbani alisema, "Waya ukichubuka naufunga utepe, kazi imekwisha. Huu wako nitaufunga na nini, mke wangu?" Hakuuliza tena. Alichukua drili, akaigeukia nyumba.

Jamani, aliigeukia kweli. Swichi za taa alizishusha zikafika usawa wa mtu aliyekaa. Kutoka kitandani hadi chooni alipitisha bomba la kushikilia. Bafuni kukawa na stuli na mkeka wa mpira usioteleza. Vikombe vilihama kabati la juu, visu na vijiko vikavishwa mpira mnene ili visiponyoke, na feni ikamfuata mwenye nyumba kila chumba, maana joto ndilo lilikuwa adui mkubwa, siku ya jua kali miguu ililegea kama tambara bovu. Chapchap naye alijifunza hila zake. Shughuli nzito asubuhi. Kitambaa kibichi shingoni. Kupumzika kabla ya kuchoka, siyo baada ya kuchoka. Yote hayo yalimsaidia, hakuwa mwizi wa fadhila. Siku alipooga mwenyewe mwanzo mpaka mwisho alitoka bafuni anaimba.

Ila mwanamume mwenye mapenzi na drili hajui pa kuishia. Kile chumba cha mbele kilichokuwa saluni alikisafisha, viti akavitupa stoo, eti mke apate pa kupita. Chapchap akiinuka kufuata maji, maji yanakuja. Akishika ufagio, ananyang'anywa kwa upendo. Kaa tu, pumzika, kaa tu. Basi akawa anakaa, na akikaa hamu inamjia. Alitamani kichwa cha mtu mikononi mwake, harufu ya mafuta ya nywele, na umbea wa mteja asiyejua kunyamaza. Zaidi ya vyote alikitamani kichwa cha binti yake wa pekee, alichokisuka tangu nywele hazijashikika. Siku hizi binti alikuwa anarudi nyumbani na kilemba, na chini ya kilemba mistari ya mkono mwingine. Mama aliiona. Aliumia, akameza.

Binti huyo akapata kazi ya ualimu mji wa mbali. Jioni ya kuamkia safari alitoka chumbani na mkoba begani.

"Natoka kidogo, Mama."

"Wapi?"

"Hapo tu."

"Hapo tu ndipo unaposukwa?"

Binti alisimama. Akaushusha mkoba polepole. "Sitaki kukuchosha, Mama."

"Kuchoka nachoka hata nikikaa bure," mama yake alisema. "Nikichokea kichwa chako, angalau nitajua nimechokea nini."

Fundi aliyasikia hayo, akatokea mlangoni na bisibisi mkononi. "Mke wangu, unajua hali yako. Na joto hili."

"Fundi, Mungu akulipe. Umenishushia kila kitu humu ndani. Lakini hujawahi kuniuliza ninachotaka mimi."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana ilimchoma. Fundi aliiangalia bisibisi yake kana kwamba imemsingizia. Mwisho akauliza, "Haya. Unataka nini?"

"Kiti changu cha saluni. Kikate miguu, nyayo zangu zikae chini na viwiko vipumzike magotini. Na ile taa yako ya kuvaa kichwani ukipanda darini, niazime."

Msumeno ulisikika mpaka giza lilipoingia.

Asubuhi kulipokuwa bado na ubaridi, binti aliketi mkekani katikati ya magoti ya mama yake, feni inapuliza, kitambaa kibichi shingoni, taa ya fundi inamulika utosi. Chapchap alikuwa amekodoa macho kama anayetoa miba, na alijua hivyo. "Wenzangu wangeniona leo," alinong'ona, "wangefanya sherehe." Vidole havikusikia kitu, kwa hiyo kila unywele ilibidi auone kwanza ndipo aushike. Mstari wa kwanza ulipinda. Aliufumua. Wa pili ulipinda pia, akauacha.

"Unavuta, Mama."

"Vumilia, msusi mwenyewe mgeni."

Hakuweza kusuka huku anaongea kama zamani, ikabidi umbea autoe aliyesukwa. Binti alisimulia ya mtaani, ya chuoni, ya kijana fulani aliyemwacha na asiyemjutia. Halafu akasema, "Kule saluni wananisuka vizuri. Lakini hakuna anayenigonga na kitana niketi wima." Chapchap alimgonga na kitana. Alitaka asubuhi ile isiishe, na alijua inaisha.

Alipumzika, akaendelea, akapumzika tena. Jua likapanda likawashinda wote, feni na kitambaa na yeye. Kitana kikaanguka. Alipokiokota kikaanguka tena, na safari hii mkono haukumfuata. Nyuma ya sikio la kulia pakabaki nywele hazijasukwa, na gari lilikuwa la alasiri.

"Mpitie msusi wako akumalizie," alisema. Machozi yalimtoka, hakuyaficha.

Binti alipapasa pale palipobaki. Akachukua kilemba, akakifunga.

"Hapa hapaguswi na mtu. Nitafundisha hivi hivi. Nikirudi likizo, utaanzia ulipoachia."

"Likizo mbali, mwanangu. Huu mkono sijui utakuwaje."

"Hata mimi sijui. Kichwa nitakileta."

Wakakumbatiana pale pale mkekani, kwa sababu mama hakuweza kusimama. Fundi alibeba begi, akamsindikiza mtoto mpaka kituoni. Aliporudi alimkuta mkewe amelala kwenye kochi, miguu imenyooka, feni inampulizia. Kile kiti kifupi kilikuwa bado katikati ya chumba, kimeziba njia. Fundi aliinama akiinue akirudishe stoo.

"Kiache," Chapchap alisema, macho amefumba. "Kina mtu."