Chai Ni Saa Ngapi

Kazi yangu kwenye ule mradi wa usalama wa wavuvi, kule Kigoma, ilikuwa kutoa kopi. Kabla ya hapo nilikuwa nimebeba magunia ya dagaa Katonga na kuziba nyufa za mitumbwi Kagunga, na kila mahali nilikaa mpaka miguu iliponiwasha nikaondoka. Shule niliiacha darasa la sita. Kusoma sikuacha. Karatasi ikipita mkononi mwangu lazima niisome, hata iwe ile ya kufungia vitumbua. Kwa hiyo andiko la mradi nililisoma lote huku mashine ikinguruma, na nadhani nililisoma kuliko baadhi ya waliolitia sahihi.

Mradi wenyewe ulikuwa mzuri, na sitaki kuusema vibaya. Pale mwaloni Katonga, mitumbwi inapotia nanga, mwandishi wa mwalo, mama mmoja mtu mzima, alikuwa akiandika kwenye daftari kila mtumbwi uliotoka kuvua na saa uliyoahidi kurudi. Sasa angeandika kwenye kishikwambi. Muda wa kurudi ukipita na mtumbwi haujafika, jina lake lingegeuka jekundu kwenye kompyuta ya ofisini mjini, na boti ya uokoaji ingetoka. Andiko lilikuwa na ukurasa mzima wa vihatarishi: umeme kukatika, mtandao kupotea, vifaa kuibwa.

Siku ya mafunzo nilisimama nyuma ya yule mama nikiwa na fomu zangu. Mvuvi mmoja aliambiwa aigize.

"Mnarudi saa ngapi?" mama akamuuliza.

"Saa kumi na mbili, Mungu akipenda."

Mama akaandika 12:00. Kishikwambi kikakubali.

Niliona palepale. Kwa mvuvi na kwa mama, ile ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri. Kwa mashine ilikuwa adhuhuri. Sisi sote tukiona 06:00 kwenye simu tunasoma saa kumi na mbili, na kwa kuwa tunafanya hivyo bila kufikiri, hakuna aliyefikiri.

Mratibu wa mradi, kijana msomi na mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, akauliza kama kuna swali. Nikanyoosha mkono, nusu.

"Eh, hata mtu wa kopi ana swali," akasema afisa mmoja aliyekaa mbele. "Uliza, profesa."

Ukumbi ukacheka. Wote wakanigeukia, na mimi nikatazama kandambili zangu.

"Nauliza," nikasema, "chai ni saa ngapi?"

Wakacheka zaidi. Mratibu naye alitabasamu, akaangalia ratiba aliyoishika.

"Saa nne, kaka. Vumilia kidogo."

Ratiba ile niliitoa kopi mimi. Chai iliandikwa 10:00.

Wiki za kwanza mitumbwi yote ilirudi salama. Mfumo ulisifiwa kwenye vikao, maana hakuna jina lililogeuka jekundu.

Kisha asubuhi moja, baada ya upepo mkali wa kusini, nilipeleka fomu Katonga nikamkuta mwanamke amesimama mbele ya meza ya mwandishi. Namfahamu, huanika dagaa pale pale. Mume wake alikuwa na mtumbwi wa watu wanne.

"Mwakeye, mama," alisalimia kwa Kiha. "Wa kwangu hajaonekana."

Mama akatazama kishikwambi. "Hapa kimeandika bado."

"Bado nini? Wenzake wameshauza, wameshalala."

Mama alisita. Enzi za daftari angeshatuma mtu zamani, lakini mafunzoni aliambiwa aachie mfumo uhesabu. Akapiga simu ofisini na kuweka sauti ya nje. Mratibu akajibu kwa adabu, "Shikamoo mama. Namwona hapa. Yuko ndani ya muda."

Ilikuwa saa tatu. Nilimwomba mama simu.

"Bosi, hiyo kumi na mbili ni ya alfajiri."

Nilisikia feni ya ofisini kwake ikizunguka.

"Umejua lini?" akauliza.

Hakungoja jibu, alikata simu akaita boti.

Boti iliwakuta mbele ya Gombe, karibu na Mwamgongo, mtumbwi umepinduka. Watatu walikuwa wameng'ang'ania madumu. Wa nne hakuwepo, na huyo ndiye alikuwa mume wa yule mwanamke.

Waliporudishwa mwaloni, mmoja wao alisema mwenzao alishikilia usiku kucha. "Aliachia jua lilipokuwa limeshaanza kutuchoma migongo."

"Jua lilikuwa wapi?" mke akauliza.

Mtu yule alitazama vilima nyuma yetu, akainua mkono, akaonyesha. Kila aliyekuwa pale aliusoma ule mkono bila mashine. Saa mbili na nusu, pengine saa tatu kasoro.

Siku iliyofuata mratibu alikuja kukaa kwenye meza ya mama. Pembeni ya kisanduku cha saa aliongeza kingine cha kuchagua: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Mama alimwekea chai. Alipomaliza kazi, chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Aliitazama, hakuinywa. Baadaye ripoti ilikuja mezani kwangu nitoe kopi, na sehemu ya changamoto ilisema uelewa wa watumiaji ulikuwa mdogo. Niliisoma yote, kama kawaida yangu.

Msibani nilikwenda. Nilijiambia nitakaa na wanaume nje kisha niondoke, lakini mjane aliniona, akaniita mlangoni. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wameniambia ni wewe uliyesema," alisema. "Wasomi wote wale, na ni wewe uliyejua. Asante, ndugu yangu. Bila wewe, hata hao watatu wasingerudi."

Nilimwitikia. Habari ya chai sikumwambia, na ule mwezi haukwisha kabla sijaondoka Kigoma.