Debe la Alizeti Chini ya Pikapu ya Mzee Mmbaga

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, hata wateja wananiuliza, "Fundi, uko salama?" Sogea nikusimulie, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa mvi ninayo moja tu, tena naitunza kama mche wa kahawa. Lakini aliyetangulia kuungua ana haki ya kumwonyesha mwenzake palipo na moto, na mimi niliungua mbele ya mtu niliyetaka awe baba mkwe wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, elimu yangu darasa la saba, ndoto zangu za mtu wa vyuo vitatu. Nilikuwa najifunza kuchomelea bodi za magari hapa Same, kwenye gereji ya Mzee Libori. Baba yake mzee huyu alitoka kusini kuja kukata mkonge, akazaa huku na kuzeekea huku. Mzee Libori mwenyewe alikuwa mfupi, mkimya, na nyusi zake zilishaunguzwa na cheche zikakata tamaa ya kuota tena.

Mimi sasa ni wa ukoo wa Washana wa Upare wa kaskazini, na Mpare yeyote atakuambia kwamba Washana ndio wahunzi. Mababu zetu walifua majembe na mikuki kabla barabara hii ya lami haijafikiriwa na mtu. Basi nilikuwa natembea gerejini kifua mbele. Moyoni najiambia, mjukuu wa wahunzi afundishwe chuma na mtoto wa mkata mkonge? Nilikuwa nimeshachora hata kibao changu: "Mshana na Wanawe, Mabingwa wa Bodi." Wana wenyewe sina, na mama yao sijamposa.

Mama yao, lakini, nilikuwa nimeshamwona. Jina lake Nakijwa, binti wa kutoka Mamba, kule juu milimani wanakolima tangawizi. Tulikuwa tumeelewana sisi wawili, akabaki baba yake, Mzee Mmbaga, mwenye pikapu kuukuu iliyokuwa inashusha tangawizi ya kikundi cha wakulima wa kwao.

"Baba haangalii sura wala viatu," Nakijwa aliniambia. "Anaangalia kazi ya mtu. Ukiharibu hapo, hata mimi nikilia hatanisikia."

Mungu si Athumani, wiki ile ile pikapu ikaletwa gerejini kwetu. Sakafu ya nyuma, pale wanapopakia mzigo, ilikuwa imeliwa na kutu. Mzee Libori akaigonga kwa nyundo mara moja, kipande kikadondoka kama ukoko wa ugali. Akaniita.

"Kata kutu yote mpaka ufike kwenye chuma kizima. Ukishafika hapo ndipo uchomelee bati jipya. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Ukiiacha hata ya upana wa kidole, itarudi na ndugu zake."

Akapanda gari kwenda msibani Kisiwani, akaniacha na kazi. Nami nikafurahi, mwanangu! Nilijiona nimeachiwa ufalme. Nikatazama ile kutu yote, nikatazama grainda, nikaona kukata ni kazi ya watu wasio na ukoo. Nikagusisha kijiti cha kuchomelea juu ya kutu hiyo hiyo. Tundu la ukubwa wa shilingi likawa la kikombe. Nikajaribu kuliziba la kikombe, likawa la sahani. Lilipofika la sinia nikazima mashine, nikakaa chini kuwaza.

Shetani hana kazi nyingi, huwa anangoja mtu akae chini kuwaza. Pembeni palikuwa na debe tupu la mafuta ya alizeti ya kupikia. Nikalikata, nikaliponda likalala kama karatasi, nikalishika na vinukta viwili vitatu vya kuchomelea. Juu yake nikapaka puti, ule uji mzito wa kusawazishia bodi, nene kama chapati, nikapiga msasa, nikamalizia na rangi ya bluu. Lo! Ilipendeza! Hata mimi niliyejua kilichomo ndani nilianza kuiamini.

Mzee Mmbaga alipokuja aliiona sura yake kwenye ile rangi, akarekebisha kofia.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Kijana, hapa umefanya kazi. Mzee Libori ameiona?"

"Ameiona, mzee." Jibu lilitoka lenyewe, laini, bila kukwaruza koo.

"Basi kesho twende wote Mamba tukapakie. Utakaa mbele na mimi, tuzungumze."

Unajua maana ya mzee mwenye binti kukuambia mzungumze? Usiku ule sikulala. Kesho yake kule Mamba nikalishwa makande mpaka nikashindwa kuinama, magunia ya tangawizi yakapangwa juu ya puti yangu, tukaanza kushuka mlima kuelekea Kisiwani. Mzee akakohoa kidogo, akaanza. "Mimi nina binti mmoja tu, na simtoi kwa mtu nisiyemjua ndani yake..."

Hapo nyuma pikipiki ikapiga honi mfululizo. Bodaboda akaja ubavuni kwetu, anapunga mkono kama anafukuza nyuki.

"Mzee! Simama! Gari lako linatapika!"

"Linatapika nini?"

"Tangawizi! Tangu kule kanisani!"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na kona tatu tu. Tuliposhuka nikaona barabara nyuma yetu imechorwa mstari wa tangawizi, kona hadi kona. Puti ilikuwa imepasuka na kumwagika, debe likajikunja, na ncha yake ikachana magunia mawili kama wembe. Lakini watu wa kule bwana hawaitwi mara mbili. Walipojua ni mzigo wa kikundi, akina mama waliokuwa shambani wakashuka, na watu waliokuwa njiani nao wakainama. Ikawa kama siku ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kijiji. Wanaokota kwenye kanga, wanarudisha, na midomo haipumziki.

"Nani fundi wa gari hili?" bibi mmoja akauliza. "Nimpe hongera. Katurahisishia kushusha mzigo."

Mzee Mmbaga alikuwa amelala chini ya gari. Akavuta, akatoka na lile debe mkononi, na ua la alizeti limechorwa pale, la njano, limechanua vizuri, linatucheka sote.

"Kijana," akasema, "gari langu umelichomelea au umelikaanga?"

Vicheko vya siku ile viliamsha nyani. Nami nikacheka kidogo, nikidhani yameisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Mzee akanigeukia na debe lake mkononi.

"Uliniambia Libori aliiona kazi hii."

Yule bibi akadakia, "Basi huyo Libori amezeeka, macho yamekwisha. Tuwaambie watu wasimpelekee tena magari."

Sikiliza hapa, mwanangu, maana hapa ndipo penyewe. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lawama ingemwendea mzee ambaye hakuwepo, na mimi ningebaki kijana aliyefundishwa vibaya. Huenda hata binti ningempata. Lakini jina la fundi likianguka Mamba linaviringika milima yote ya Upare mpaka Same mjini, na lile lilikuwa jina la mtu aliyeunguza nyusi zake miaka arobaini ili liwe safi.

"Mzee Libori hakuiona," nikasema. "Alikuwa msibani. Aliniambia nikate kutu yote, mimi nikaifunika. Na jana nilikudanganya."

Mzee Mmbaga akaweka debe chini. Alinitazama, akatazama tundu, akatazama magunia.

"Panda nyuma," akasema. "Ukalizibe."

Basi nilishuka mlima wote ule nimelikalia tundu juu ya gunia tupu, kama kifuniko cha sufuria, upepo wa barabara ukinipuliza kutoka chini. Wapo watu Mamba ambao mpaka leo wananiita Kifuniko, nami naitika.

Siku iliyofuata Mzee Libori akarudi, nikamweleza yote. Nilingoja matusi. Hakutukana. Alichukua kipande cha ile sakafu, akakivunja kwa vidole viwili kama mkate mkavu.

"Kutu haijui ukoo wa mtu," akasema. "Babu zako hawakuwa wahunzi kwa sababu ya jina. Walipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu, ndipo jina likawafuata. Wewe unataka jina litangulie. Shika grainda."

Nikashika. Nilikata siku mbili. Kila nikidhani nimefika, mzee anagusa kwa kidole na kusema, "Bado." Tundu likawa kubwa hata mbuzi angepita bila kuinamisha pembe, nami machozi yananitoka nyuma ya miwani, sijui ni moshi au ni aibu. Halafu nikaona chuma kimeng'aa, cheupe, kizima pande zote. Tukakichomelea bati jipya, mshono mmoja mmoja, taratibu, bila puti hata ya kupaka ukucha.

Mzee Mmbaga alipokuja kuchukua gari lake hata rangi hakuitazama. Aliomba nyundo. Akainua juu, akaishusha kwenye ile sakafu kwa nguvu zake zote. Ikalia kama ile rimu ya gari wanayoigonga kanisani kuita waumini. Akapiga tena, akasikiliza mpaka mlio ukaisha. Kisha akanirudishia nyundo.

"Siku ile njiani," akasema, "sikukasirikia tundu. Magari yote yana matundu. Nilikuwa nangoja nione lawama utamtupia nani." Akapanda, akawasha gari, akachungulia dirishani. "Mtume mshenga. Na umwambie aje na maneno makavu, yasiyopakwa rangi."

Ndiyo hayo, mwanangu. Wakubwa walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami naongeza langu dogo la gerejini: ukikosea usipake, kata. Kata hata kama tundu litakuwa kubwa kuliko ulivyodhani, hata kama watu wamesimama wanacheka. Ukoo mzuri ni kitu cha kushukuru, hauchomelei kwa niaba yako. Na ukiona lawama inaelekea kwa asiyekuwepo, simama uipokee, maana ni yako na inakujua.

Mungu akupe mikono isiyokuwa na haraka na ulimi ulio mzito kusema uongo. Akupe mzee wa kukuambia "bado" siku unapojiona umefika. Na vyote utakavyovishikilia maishani, nyumba yako, jina lako na mtu umpendaye, avijalie viwe na chuma kizima ndani. Amina, na uende salama.