Nywele za Chini ya Bega

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa nyumbani hakuna mtu anakisoma kama hajalazimishwa na mwalimu. Haya sitaki yasomwe na habaryar, dada mdogo wa mama yetu, aliyekuja kutoka Hadado kwa sababu ya harusi na mpaka leo hajarudi. Habaryar anafungua kila kitu, hata mikoba ya wageni.

Harusi ilikuwa ya dada yangu, anaolewa Mandera. Wasichana wote wa familia walikuwa washaweka dawa ya kunyoosha, nywele zimelala kama zimepigwa pasi. Mimi peke yangu nilibaki na mikunjo yangu. Nikizivuta zinafika kiunoni, nikiziachilia zinaruka juu, na kuzichana ni vita.

"Hiyo si nywele," dada yangu alisema, "hiyo ni zizi. Mbuzi akiingia hapo tutamtafuta siku tatu."

Hooyo, mama yetu, ndiye alikuwa anaziosha. Kila Alhamisi baada ya Asri anakoroga qasil kwa beseni, ule unga wa majani unaotoa povu, halafu ananibana kichwa kwa magoti yake kwa sababu mimi sikai. Nikilia ananigonga na kitana. "Unalia nini? Ni kichwa, si jino." Yeye ndiye alisema nifuge, nisikate. Akaugua figo, akafariki, na sasa ni karibu miaka miwili. Mimi niliendelea kufuga. Kusema ukweli haikuwa mapenzi. Ni vile hakuna mtu aliniambia niache.

Siku tatu kabla ya harusi kitana kilivunjikia kichwani. Nikasema basi. Nikavaa jilbabu nikaenda saluni nyuma ya soko.

Msusi ni mama Mkamba aliyekaa Garissa mpaka anaapa wallahi kutushinda. Alifunga mapazia yote mawili, akanivua ushungi, akapiga mluzi.

"Abaayo, dada! Umeficha msitu huku ndani?"

"Weka dawa tu. Haraka."

"Haraka ya nini, bwana harusi ni wako?" Akachukua fungu moja, akalivuta polepole, akanusa. "Kuna hina hapa. Nyingi. Nani alikuwa anakupaka?"

"Mama."

"Basi sikia. Hapa juu nywele yako ni mpya, ina nguvu, dawa itashika. Hii ya chini ni mzee, imekauka, imekula hina. Dawa itaimaliza, utakuja kulia hapa watu wanione mbaya. Tunakata hapa." Akaweka vidole vyake begani kwangu kama makasi. "Kutoka kichwani mpaka hapa ni kama miaka miwili hivi. Itakua tena."

Nilikuwa nafungua mdomo kusema kata. Halafu ile miaka miwili ikaniingia. Nilikuwa mzuri kwa baiolojia, najua nywele inatokea wapi. Kila kitu juu ya vidole vyake kilikuwa kimeota baada ya mazishi. Chini ya vidole vyake ndiyo ile hooyo aliosha, alisuka, alipaka hina, alivuta mpaka nikatoa machozi. Hakuna kitu kingine duniani alikishika hivyo ambacho bado niko nacho. Nguo zake tulizitoa sadaka.

"Nitarudi," nikamwambia.

"Wewe! Ni nywele, si mtoto!"

Nyumbani nilimkuta dada amekaa mkekani, mikono yote miwili imechorwa hina mbichi, amenyoosha vidole mbele. Alinitazama kichwa.

"Bado? Wallahi utaharibu picha zangu kusudi."

Ningenyamaza. Hata sasa najiambia ningenyamaza. Lakini mimi neno likija siwezi kulishika, nikamwambia yote, bega, miaka miwili, hooyo. Nilidhani atacheka.

Hakucheka. Alijaribu kushika nywele zake mwenyewe, akakumbuka hina, mkono ukabaki hewani. Zake zilikuwa zimelala vizuri, zinang'aa, zinaishia begani. Alikuwa amekata wiki iliyopita. Msusi alimwambia kata, akasema kata.

"Ulikuwa lazima uniambie?" akasema. "Wiki hii?"

Kisha akasimama. Sisi nywele zilizokatwa hatuziachi saluni, watu wanaogopa sihiri, kwa hivyo alikuwa amezibeba nyumbani kwenye kitambaa, na habaryar alizizika. Alimwita kwa sauti mpaka majirani wakasikia.

"Habaryar! Ulizika wapi?"

"Hapo nyuma ya tangi." Habaryar alitoka, akaangalia, akajishika kiuno. "Au upande wa choo. Subhanallah, mbona kote ni sawa?"

Kote kulikuwa sawa kwa sababu asubuhi ile lori lilikuwa limemwaga mchanga wa mtoni, vijana wakausambaza ua mzima ili hema la harusi likae vizuri. Mimi nilichimba na mwiko wa ugali. Dada alisukuma mchanga kwa miguu, mikono juu, hina isiharibike. Habaryar alikuwa anasema kilichozikwa kimezikwa, acheni. Tulitoa kizibo cha soda na kandambili moja. Tukaendelea mpaka Maghrib ikaadhiniwa, dada akaketi palepale mchangani.

"Nipe kidogo yako," akasema. "Urefu wa kidole. Niende nayo."

Nikasema hapana.

Sijui kwa nini nilisema haraka hivyo. Nilisema, "Wewe ulikata mwenyewe." Akainuka, akaingia ndani. Siku ya harusi nilikuwa na mikunjo yangu chini ya ushungi, alinikumbatia kama anavyokumbatia wengine, akaingia kwenye gari, akaenda.

Dawa sijaweka, na sitaweka. Naziosha peke yangu, na hilo halijasaidia. Kila nikichana zinakatika huku chini, vipande vyekundu vyekundu kwenye beseni, na juu zinaendelea kuota kama kawaida. Mwaka huu au ujao za hooyo zitaisha zenyewe, hata bila makasi. Nilimnyima dada yangu kitu ambacho mimi mwenyewe siwezi kukiweka.

Jana nilimpigia kumwambia nitamtumia. Aliongea juu ya joto la Mandera, juu ya mama mkwe wake anayefunga sukari kwa kufuli, akacheka, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Nikasema pia, "Ile nywele, nitakukatia."

Nikasikia mtu anaita jina lake kutoka jikoni.

"Acha tu," akasema. "Nishazoea kukaa bila yake."