Siku Aliyonionesha Kreta

Nimezaliwa Oldeani, kwenye kambi ya vibarua wa shamba la kahawa, ambako wazazi wangu walifika kutoka Singida wakiwa bado vijana. Ukisimama mlangoni kwetu uliuona msitu umepanda mlimani, mweusi tii, na kila mtu alijua kwamba ng'ambo ya msitu ule ndiko iliko kreta, lile bonde kubwa la wanyama lililodidimia mlimani. Wageni walivuka bahari kuja kuitazama. Sisi tulichuma kahawa, tukalima mahindi, na sikuwahi kusikia mtu pale kambini akisema kwamba kesho anakwenda kuitazama kreta.

Nikaolewa Karatu na dereva wa watalii. Kazi yake ilikuwa kuipanda ile barabara alfajiri, kushuka kreta na wageni, na kurudi jioni akiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Aliniletea habari za kule kama waume wengine wanavyoleta nyama. Leo faru kaonekana karibu na ziwa. Leo simba wamelala kwenye kivuli cha gari letu, mama mmoja wa kizungu akalia kwa furaha. Mimi nilikuwa namwekea maji ya kuoga huku nasikiliza. Kila mwaka alisema atanipeleka. Lakini msimu wa wageni ulikuwa hauna nafasi, na msimu wa mvua ulikuwa wa shamba, na watoto walikuwa wadogo, kisha wakawa wanasoma. Hakuna aliyemzuia mwenzake. Tulidhani tu kwamba kreta haiendi popote.

Macho yalianza pembeni. Akawa anagonga vitu ambavyo viko wazi kabisa: meza, ndoo, fremu ya mlango. Nikamtania kwamba anazeeka. Siku moja alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akakaa kitandani na viatu vyake. Akaniambia kwamba akiwa njiani kulikuwa na mchungaji na mbuzi wake kando ya barabara, na yeye hakuwaona kabisa mpaka wageni walipopiga kelele. Hakumgusa mtu wala mbuzi. Lakini alilifikisha gari ofisini, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani mwenyewe.

"Hawajanifukuza, mama," aliniambia. "Usije ukasikia maneno ya mtaani. Nimeuweka mwenyewe."

Hospitalini tuliambiwa ni presha ya macho. Daktari, kijana mpole, alitueleza kwamba dawa ya matone ingesaidia kulinda kilichobaki, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Mume wangu alimuuliza kilichobaki kitakaa muda gani. Daktari akasema hawezi kuahidi. Tulipotoka nje alisimama kwenye jua, akaninyoshea mkono nimshike, na ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kutembea tumeshikana mikono mbele za watu. Kwetu si desturi.

Wiki chache baadaye, tukiwa tunapukuchua mahindi uani, alisema, "Mama, nataka nikupeleke kreta kabla sijashindwa kukuonesha."

Rafiki yake mmoja, dereva mwenzake wa miaka mingi, alikuwa anapanda na gari tupu kwenda kuchukua wageni waliolala kwenye hoteli za juu ukingoni. Akakubali kutubeba. Nilivaa koti la mwanangu na kujifunga shuka juu yake, maana ulikuwa msimu wa baridi. Mume wangu alivaa nguo zake za kazi, zile za rangi ya majani makavu, zilizopigwa pasi. Alikaa mbele. Baada ya lango la Lodoare, la kuingilia hifadhini, barabara iliingia msituni, na ukungu ukatufunika mpaka rafiki yake akawasha taa. Miti ilikuwa imeota ndevu, maji yakidondoka kutoka kwenye kila tawi.

"Shemeji, usikate tamaa," rafiki yake aliniambia kwa kupitia kioo cha ndani. "Hapa ni kawaida. Ukingoni mara nyingi kunakuwa kweupe."

Na kweli, tulipofika ukingoni jua lilikuwa limetoka. Rafiki yake alibaki kwenye gari akiongea na simu. Mume wangu alishuka, akaligeuzia jua uso wake, akatabasamu. Alijua idadi ya hatua mpaka kwenye ukuta mfupi wa kutazamia, kwa hiyo alinitangulia. Akanisimamisha mbele yake, akaweka mkono begani kwangu, na mkono mwingine akaunyosha mbele.

"Haya," alisema. "Tazama chini kabisa, kushoto kidogo. Ule weupe ndio ziwa. Ni magadi yale, ndiyo maana linang'aa. Sasa njoo huku. Unauona msitu, ule wa migunga ya manjano? Ndio Lerai, tembo dume wanapenda kukaa mle. Halafu ukiona vidoti vyeusi kwenye majani, usifikiri ni mawe. Ni nyati."

Nilitazama. Jua lilikuwa juu yetu tu. Chini, kutoka kwenye ukuta ule mpaka upande wa pili wa dunia, kreta yote ilikuwa imejaa wingu, zito na jeupe kama maziwa kwenye sufuria, halina hata ufa. Hakukuwa na ziwa. Hakukuwa na msitu wala nyati.

Yeye aliendelea. Alikuwa na sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, sauti ya kazini, taratibu, yenye fahari kidogo. Alinieleza jinsi kreta ilivyokuwa mlima kabla haijadidimia. Aliniuliza kama nauona mto unaoingia ziwani, nami nikaitikia tu, mm. Wakati huo ndipo nilipoelewa kiasi gani cha macho yake kilikuwa kimekwenda. Nyumbani alinificha. Weupe ule aliokuwa anaunyoshea kidole ulikuwa ndio weupe anaouona kila siku, hakuweza tena kuutofautisha na wingu la Mungu.

Karibu yetu walisimama vijana wawili, mke na mume nadhani, wamekuja kutoka Dar kwa jinsi walivyokuwa wakitetemeka. Yule msichana akamwambia mwenzake, "Ukungu wote huu! Tumekuja bure, hatuoni hata kitu kimoja."

Mkono wa mume wangu ulibaki hewani. Kisha ukashuka polepole.

"Mama," aliniita. "Kuna ukungu?"

"Upo."

"Mwingi?"

"Umejaa mpaka hapa juu."

"Kwa hiyo hilo ziwa huoni."

"Sioni kitu, baba."

Upepo ulikuwa unapeperusha shuka langu. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanionesha vizuri," nilimjibu.

Akacheka kidogo, akanipapasa bega. "Basi leo tuko sawa, mimi na wewe." Alitaka nami nicheke. Nilijaribu. Tukarudi garini, na rafiki yake alipouliza kama nimeona, mume wangu alijibu haraka kabla yangu, "Ameona, ameona."

Nilidhani safari zimekwisha. Lakini hakukubali kushindwa. Alisema macho ya mbali ndiyo yaliyomsaliti, tungekwenda mahali ambapo vitu viko karibu. Upande wetu wa Karatu kuna njia ya miguu inayopita ndani ya msitu wa hifadhi mpaka kwenye maporomoko ya maji, na kabla ya hapo kuna mapango ambayo tembo wameyachimba kwa pembe zao wakitafuta udongo wenye chumvi. Tukaenda na askari wa hifadhi, maana huruhusiwi kuingia bila mwenye bunduki. Askari alitangulia, mimi nikafuata, na mume wangu nyuma yangu, mkono wake begani kwangu.

Siku ile nilimpata tena mume wangu. Kwenye mapango aligusa ukuta, vidole vikaingia kwenye mifereji iliyoachwa na pembe, akainuka kwa ncha za vidole kutafuta mfereji ulioko juu zaidi. Akanishika mkono, akaupeleka pale pale. Udongo ulikuwa wa baridi, laini. "Tembo mzima amesimama hapa," alisema, "na huenda ni jana tu." Askari akasema ni kweli, kinyesi kile cha mlangoni hakijakauka, tusichelewe.

Kwenye maporomoko alivua viatu, akaweka miguu majini. Akaniambia nimweleze ninachokiona.

"Maji yanashuka," nilisema. "Ni mengi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Ningekuwa nawaambia wageni hivyo, ningefukuzwa siku ya kwanza. Endelea."

Nikajitahidi. Nikamwambia maji yanatoka juu yakiwa kitu kimoja, yakifika kwenye jiwe yanachanika, na kwamba kuna majani yamejishika kwenye mwamba yanatikisika hayakatiki. Nilipogeuka alikuwa analia. Hakutoa sauti yoyote, machozi tu yalikuwa yanashuka naye hayafuti. Askari akatuachia nafasi, akaenda kusimama kwenye njia. Mimi nilikaa chini karibu yake nikatia miguu yangu pia, ingawa maji yalikuwa ya barafu.

Wakati wa kurudi, mahali ambapo njia ilikuwa pana, alisema anataka atembee mwenyewe. Nikamwacha apite mbele. Alikwenda vizuri kwa muda, kichwa juu, mikono ikitembea kama zamani. Ilikuwa imenyesha usiku, na udongo wetu ule mwekundu ukilowa ni sabuni. Mguu ukateleza, akaanguka ubavu, akabiringika hadi kwenye kichaka. Hakuvunjika. Aliinuka haraka kabla hatujamfikia, akasimama akiwa amelielekea shina la mti, uso karibu kabisa na gome, akaliambia lile shina, "Mama, uko wapi? Mama?"

Nilikuwa nyuma yake.

Nikamshika mkono, nikamgeuza. Nikamwongoza mpaka tulipotoka msituni na kuanza kusikia majogoo wa watu. Hapo akasema, "Tusirudi tena huku." Na hatukurudi.

Mvua za masika zilipoisha, kile kilichobaki nacho kilikuwa kimekwenda. Matone niliendelea kumtilia kwa sababu daktari alisema tusiache. Binti yetu amemwomba mara nyingi wakatembee, hata kanisani tu kwa miguu, lakini yeye husema amechoka. Anachambua maharage vizuri kuliko mimi. Redio anaipenda asubuhi.

Nyumba yetu iko kando ya barabara ya kwenda getini. Mwanzoni madereva wenzake walipokuwa wanapita na wageni walipiga honi fupi mbili, na yeye akiwa barazani aliinua mkono. Alikuwa anajua honi ya kila mmoja. "Huyo ni fulani, leo kachelewa." Baadhi walisimama jioni wakanywa chai. Miaka imepita. Rafiki yake aliyetupandisha amehamia kwa watoto wake, wengine wamestaafu, na wanaoendesha sasa ni vijana ambao hawajawahi kumwona akiwa na usukani mkononi. Wanapita kwa kasi, vioo vimefungwa.

Jana asubuhi lori la viazi lilipiga honi kuwafukuza ng'ombe waliokuwa wanavuka barabara. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nikamwona akiacha maharage, akainyosha shingo, akainua mkono juu kabisa, akaushikilia pale mpaka lori likapita.

"Umesikia?" aliniuliza. "Wamenisalimia."

"Nimesikia, baba," nilisema, nikaendelea kuanika.