Mzito Aingia Ukumbini

Mtu asiniambie kitu kuhusu muziki wa siku hizi. Nimebishana na wateja, nimebishana na katekista, nimebishana hadi na redio yenyewe, nikiwa peke yangu gereji na spana mkononi, namfokea mtangazaji ambaye wala hanisikii. Naitwa Manyanda. Ni fundi pikipiki hapa Misunkumilo, Mpanda, pale nyumba zinapoanza kupisha mahindi. Lakini watu wa rika langu hawaniiti Manyanda. Wananiita Mzito, na si kwa sababu ya kitambi, ingawa siku hizi kitambi nacho kimekuja kulitetea jina.

Mzito ni jina la jukwaani. Nilikuwa nachana, yaani naghani mistari ya hip hop. Mtu wa umri wangu akisikia hivyo anatikisa kichwa kwa heshima. Watoto wangu wakisikia wanajifanya wanatafuta chaja ya simu.

Sasa binti yangu mkubwa, Scola, aliposwa na Kassiani, kijana wa watu kutoka Mamba, mpole, analima mpunga na anasalimia vizuri. Kamati ya sendoff, sherehe ya kumuaga binti, ikaanza kukaa sebuleni kwangu kila Jumapili na kunimalizia chai. Wakagawana kazi: huyu mapambo, yule chakula, huyu keki. Walipofika kwangu, baba mzazi, nilikuwa na ombi moja tu. Sikutaka suti mpya. Nilitaka nimwingize mwanangu ukumbini kwa wimbo wangu, nipewe na kipaza sauti, nichane ubeti wa kwanza. Basi. Watoto wote niliozaa, nilitaka mmoja tu apite na wimbo wangu mbele za watu, mara moja, bila kuziba masikio.

Scola aliacha kupepeta mchele akanitazama.

"Baba, ule wimbo unalaza watu."

"Unalaza watu gani? Ule wimbo uliwahi kusimamisha ukumbi mzima hapa hapa Mpanda, mama!"

"Lini?"

"Hujazaliwa."

"Ndo hapo sasa."

Akarudi kwenye ungo wake. Nilibembeleza wiki nzima, mtu mzima mimi, namfuata mtoto jikoni, namfuata kisimani. Mwisho akasema, "Haya baba, nitafikiria," kwa ile sauti ambayo mama yake huitumia akimaanisha hapana. Ila jina la wimbo akalipeleka kwa Deo, kijana atakayepiga muziki siku hiyo. Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikatia mguu.

Ngoja niwaeleze wimbo wenyewe, la sivyo mtadhani nagombania upuuzi. Huenda ni upuuzi kweli, lakini ngoja nieleze.

Wazazi wangu ni Wasukuma waliokuja huku na ng'ombe kutoka Meatu, wakaweka boma Sibwesa. Mimi nilikuwa nachunga. Kaka yangu Kija alikuwa na redio kaseti, na kaseti yetu ya thamani kuliko zote ilikuja na treni ya Tabora, imerekodiwa juu ya kaseti ya kwaya, haina jalada wala jina la mwimbaji. Ndani yake kulikuwa na kijana wa Dar es Salaam anachana kwa Kiswahili. Nilipomsikia, ng'ombe waliingia shamba la watu na mimi sina habari:

*Mtaa umelala, mimi niko macho,*
*sina shamba, sina ng'ombe, nina nilicho nacho:*
*kichwa juu ya shingo, ulimi wenye moto,*
*nasema na wakubwa, nasema na watoto.*

Na sauti yake, jamani! Sauti nzito, inatoka chini kabisa, taratibu. Kila neno linafika, linavua viatu, linasalimia, ndipo linakuja jingine. Nikasema huyu ndiye mwanaume. Baba yangu, ambaye kwao alikuwa mcheza ngoma anayejulikana, alisikiliza ubeti huo mmoja akauliza, "Huyu mtu hana shamba, hana ng'ombe, na bado anajisifu?"

"Baba, hii ni hip hop."

"Kwetu huyu tungemchangia ndama anyamaze."

Sikumjali. Niliushika wimbo mzima kwa kuurudia rudia porini. Betri mpya Sibwesa zilikuwa anasa, kwa hiyo tulianika zile zile juani, tukazing'ata kidogo, zikafufuka, tukasikiliza tena. Nikamwiga yule kijana hadi koo likauma. Nilipokuja Mpanda kujifunza ufundi, nikapanda jukwaani kwenye shindano la vijana, nikachana taratibu, sauti ya chini, mkono mfukoni. Ukumbi ulisimama. Hawajawahi kusikia mtu anachana hivyo. Wakaanza kuniiga. Rika langu lote hapa mjini lilichana taratibu kwa sababu yangu. Vijana wa Tabora walikuja mwaka fulani wanachana mbio mbio, tukawazomea hadi wakashuka. Nikawaeleza, kwa upole wa bingwa, kwamba hip hop yenyewe haina haraka.

Jina likakaa, Mzito. Na mwendo ukaniingia mwilini: nikawa natembea taratibu, naongea taratibu. Hata pikipiki natengeneza taratibu. Mteja akilalamika, namwambia kazi nzuri haikimbizwi, naye anaenda kwa fundi wa jirani.

Basi, wiki mbili kabla ya sendoff, Deo akaja gereji na simu yake. "Mzee wangu, nimeupata. Kuna mtu kauweka mtandaoni, orijino kabisa."

Nikafuta mikono kwenye kitambaa, nikakaa juu ya tairi kama mtu anayesubiri habari za hospitali. Deo akabonyeza. Ikatoka sauti nyembamba ya kitoto, inachana mbio, maneno yanakanyagana: mtaaumelalamiminikomacho. Nikaruka.

"Zima! Zima hiyo kitu! Nani kaukimbiza huu wimbo?"

"Hakuna aliyeukimbiza, mzee. Ndo ulivyo."

"Nyie watoto hamna adabu! Mnachukua kazi ya watu mnaitia hamira! Huyo anayelia ni nani?"

"Ni yeye mzee. Ndo mwenyewe."

Nilimfokea vibaya yule kijana. Nikamwambia kizazi chao kimeharibu kila kitu, hawana subira, hata wimbo wa wakubwa zao hawawezi kuusikiliza mpaka waufupishe. Niliongea mengi, tena kwa sauti, na majirani wakasogea. Deo akasubiri nivute pumzi, kisha akauliza kwa adabu zote, "Samahani mzee. Hiyo redio yenu kule ilikuwa inatumia nini?"

"Betri."

"Mpya?"

Nikakaa tena juu ya tairi.

Baba yangu, ambaye siku hizi naishi naye na hushinda mlangoni pa gereji akiota jua, ndiye aliyejibu. Alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Mimi nilisema tangu zamani," akasema, "yule mtu alikuwa anakoroma, haimbi."

Jamani, niliumbuka. Hebu fikirini. Mtindo wangu, jina langu, mwendo wangu wa kutembea, vijana wa watu tuliowazomea bure, vyote hivyo ni kazi ya betri zilizokuwa zinakata roho na kuiburuza kaseti. Na nimewahutubia watoto wangu miaka yote juu ya muziki halisi! Nilipofika nyumbani nikamweleza mke wangu, Tereza, nikitegemea pole. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akashika ukuta.

"Baba Scola! Kwa hiyo hata mimi ulinitongoza kwa spidi ya betri mbovu?"

"Lakini ulikubali."

"Nilikubali kwa sababu nilichoka kusubiri umalize sentensi!"

Nikala ugali wangu nikaenda kulala. Usingizi ulinigomea, lakini nikapata wazo, na niliona ni wazo la mtu mkubwa. Nikasema: Scola ni mtoto wa kisasa, anapenda muziki unaokimbia. Alikuwa sahihi kusema wimbo unalaza watu, kwa sababu alichokuwa anakisikia kwangu siku zote ni ugonjwa wa redio. Nitamchania orijino. Nitakimbia kama yule kijana, na mwanangu atajua kwamba muziki wa baba yake ulikuwa mzuri tangu mwanzo.

Nikaanza mazoezi. Nilichana mbio nikiwa chini ya pikipiki, nilichana njiani nikienda kununua spea, nilichana chooni. Ulimi ulijiuma. Pumzi iliisha kwenye "ng'ombe" kila mara, nikawa nasimama barabarani nimeshika kiuno na watu wananiuliza kama nina pumu. Mteja mmoja alinikuta nimefumba macho nabwabwaja mbele ya injini, akaondoka na pikipiki yake bila plagi. Lakini nilipata. Mpaka mwisho wa wiki ya pili nilikuwa naweza kuutoa ubeti wote bila kupumua, nikaenda kwa Deo.

"Piga ile ya kwenye simu. Orijino, spidi ile ile. Na Scola asijue, nataka ashangae."

Deo akakuna kichwa, akatazama pembeni. "Haya, mzee. Ila mwenye shughuli ni Scola."

"Mwenye mtoto ni mimi."

"Haya, mzee," akasema tena, akicheka kidogo. Ningekuwa na akili ningemuuliza kwa nini anacheka.

Siku ikafika. Ukumbi wa parokia umejaa, upande mmoja ndugu zetu kutoka Sibwesa, upande mwingine wageni wa Mamba, Kassiani katikati yao amekaa wima kwenye suti. Mimi nimesimama mlangoni na Scola amenishika mkono. Alikuwa mzuri kiasi kwamba sikuweza kumtazama vizuri, nikawa natazama viatu vyangu. Nilikuwa na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo jukwaani. Mshereheshaji akatangaza kwamba baba mzazi, mkongwe wa hip hop Mpanda, anamleta binti yake kwa ubeti, na wazee wenzangu kule nyuma wakapiga kelele, "Mzitooo!" Nikavuta pumzi yote iliyokuwa mkoani Katavi.

Muziki ukaanza. Taratibu. Unakoroma kutoka chini kabisa, mzito, unaburuta miguu.

Kwanza nilidhani umeme umepungua. Nikamtazama Deo, Deo akajifanya anatengeneza waya. Nikamtazama Scola, anatabasamu, ananisubiri. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshafundishwa wiki mbili, haukusubiri mtu. Ulitoka mbio. Mtaa umelala, mimi niko macho, shamba, ng'ombe, kichwa, ulimi, wakubwa, watoto, vyote vikamwagika kwa mkupuo, na nilipofunga mdomo yule wa kwenye spika ndo kwanza alikuwa anamalizia kusema "umelala."

Kisha nikasikia mtu mmoja anacheka, na nilimjua bila kugeuka. Ni baba yangu. Wakafuata wengine. Nikajaribu kurudi mwanzo, nichane taratibu kama zamani, nikagundua sasa hata taratibu siwezi, ulimi umechanganyikiwa, natoa "ng'ombe" mahali pa "shamba." Jasho likanishuka ndani ya kola. Niliwaza jambo moja tu: nimemwaibisha mtoto mbele ya wakwe, siku yake, kwa ajili ya wimbo.

Scola akanyoosha mkono akachukua kipaza sauti. Nikampa haraka, nikijua ananiokoa, atasema asanteni na kuomba muziki wao wa vijana upigwe.

Akasogeza kidevu kwenye kifua, akateremsha sauti mpaka chini, akaanza. *Mtaa umelala, mimi niko macho.* Taratibu. Kila neno mahali pake. Mkono mmoja juu ya kiuno cha gauni, kwa kuwa halina mfuko, bega limelala upande, hivyo hivyo nilivyokuwa nasimama mimi. Nikadhani ananitania, na watu nao wakadhani hivyo, wakacheka. Lakini akaendelea. Akamaliza ubeti wa kwanza akaingia wa pili, ule ambao sikuwahi kumfundisha mtu, na hakukosea hata sehemu moja. Kassiani alikuwa ameacha mdomo wazi. Kule nyuma wale wazee wenzangu walikuwa wamesimama mikono juu, mmoja anafuta miwani.

Mimi mtoto huyu nilikuwa najua ameziba masikio maisha yake yote.

Alipofika mwisho wa ubeti akashusha kipaza sauti akaniinamia sikioni. "Nilimwambia Deo aupunguze spidi mpaka ufanane na wewe. Ule wa kwenye simu siujui, baba."

"Kwa hiyo unaupenda?" nikauliza. Mjinga mimi. Hata pale, mbele ya watu wote, nilitaka nishinde ubishi.

"Hapana," akasema. "Hip hop yenu siipendi, hata leo. Ila tukiwa wadogo, jioni, tulikuwa tunakusikia unakuja nayo njiani kutoka gereji. Mama anasema wekeni maji, baba kafika. Ndo hiyo tu. Kule ninakoenda hakuna mtu atakayekuja anaimba hivyo."

Nilikuwa na majibu mengi ya kutetea muziki wangu, nimeyaandaa miaka. Badala yake nilianza kulia, kilio kibaya cha mtu mwenye kitambi na tai inayobana, na Scola naye akaanza, rangi za macho zikamshuka. Tukashikana mikono tukaenda meza kuu hivyo hivyo, polepole, wageni wamesimama wanatupisha, na wimbo ulikuwa bado haujafika hata kwenye kiitikio.