Meli Niliyoizamisha kwa Mdomo

Baba alichochea makaa kwenye meli ya askari, vita vile vya pili vya Mjarumani. Meli ilikuwa ya abiria. Vita vilipokuja ikapakwa rangi ya kijivu, ikafungwa mizinga, vitanda vikang'olewa. Ikachukua askari Mombasa kuwapeleka Kolombo, ikarudi na majeruhi. Chakula chao dengu kila siku, na baba mpaka anakufa hakuzitia tena dengu kinywani, lakini hapa si mahali pa hayo. Vita vilipokwisha ikawarudisha waliobaki, ikauzwa, ikakatwa vyuma. Basi. Haikuzama hata siku moja.

Mwenzake baba pale motoni alikuwa mtu wa Kisiwa Panza. Huyo alishuka Kolombo kununua tumbaku, akaoa huko huko, asirudi tena melini. Baba alinambia, "Msitiri. Ana mke na mtoto kwao Panza."

Baba akafa. Mimi, kijana wa maneno, nikawa naihadithia meli barazani kwetu Micheweni. Ila mwisho wa kukatwa vyuma haukuwa na utamu. Watu walinyanyuka kahawa haijapoa. Siku moja nikaizamisha. Nikatia kombora, nikatia moto, wachochea makaa wote nikawaua isipokuwa baba. Hakuna aliyenyanyuka! Nikaongezewa kahawa.

Hadithi ikashuka kusini, ikavuka maji hadi Kisiwa Panza. Yule mke akaingia eda, miezi minne na siku kumi. Neno moja tu lingemtoa ndani. Sikulisema.

Mke yule naye keshakufa. Binti yake sasa ni mzee kama mimi, na kila mwaka humsomea babaake hitima, nami huitwa nihadithie alivyozama. Nimeila pilau ile miaka mingi.

Mwaka huu nilimwendea mapema, nikamwambia yote. Alikuwa anachambua mchele; mkono haukusita.

"Alizaa huko?"

"Safari ya mwisho baba alimkuta amebeba mtoto."

"Jina lake?"

"Sikumuuliza baba, dada."

"Mzushi we! Ungenambia wakati nna miguu, ningemtafuta ndugu yangu."

Nikaomba radhi. Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Hitima ipo pale pale," akasema. "Kwa umri ule baba keshakufa kweli sasa. Njoo, na meli uihadithie mbele ya watu, mpaka ilipokatwa vyuma."

Ni Alhamisi hii. Waliokula pilau ile watakuwepo wote.